Mawimbi ya sauti na kumbukumbu za wazee wetu

Haya ni mazungumzo ya juma yaliyosomwa redioni. Tunayachapisha hapa kwa ajili ya wasomaji wetu.

Mpenzi msikilizaji, nawe ndugu msomaji utakayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili nataka tuzungumze juu ya sauti. Sina maana ya sauti ya ngoma, wala ya redio hii unayoisikiliza. Nina maana ya sauti ambayo binadamu haisikii. Sikio letu, hata la kijana mwenye afya njema, linaishia kwenye mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde moja. Juu ya hapo sauti ipo, lakini kwetu ni kimya. Popo anaisikia. Mashine ya hospitali inaitumia, kwa mitetemo inayofikia mamilioni kwa sekunde, kumwonyesha mama mjamzito mtoto aliyemo tumboni mwake. Ndiyo ile tunayoiita ultrasaundi.

Siku hizi zimeenea habari, kwa simu na kwa midomo ya watu, kwamba sauti hiyo hiyo sasa inaelekezwa kwenye ubongo ili kutibu ugonjwa wa kusahau unaowapata wazee, ule unaoitwa Alzheimer. Habari ya tiba haina miguu lakini hukimbia. Inafika Dar es Salaam na Mwanza, na inafika hata Rubwera, kule wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Mtoto aliyehamia mjini, ambaye mama yake kijijini hamtambui tena anapokwenda likizo, anaisikia habari hiyo na moyo unamruka. Anawaita ndugu zake na kuwauliza: je, tuuze shamba la kahawa tumpeleke mama Ulaya?

Swali hilo si dogo. Shamba likiuzwa limeuzwa. Basi kabla ya kulijibu, tuangalie historia, kwa maana historia ya tiba ina mengi ya kutufundisha, na baadhi ya hayo yametokea hapa hapa kwetu.

Watu wa Kyerwa, wilaya ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Karagwe, wanaijua safari ya kutafuta uponyaji tangu zamani. Katika eneo lao ipo chemchemi ya maji moto ya Mtagata. Mwaka 1876, msafiri Henry Morton Stanley alipokuwa mgeni wa Mfalme Rumanyika wa Karagwe, alipelekwa kuiona. Aliwakuta wagonjwa waliotoka mbali wakiogea humo, wakiamini kwamba maji yale yataondoa maradhi yao. Mpaka leo wako wanaokwenda. Sisemi haya kwa dharau. Mtu anayeumwa, au anayemuuguza mzazi wake, hakai kitako. Atakwenda kwenye maji, atakwenda kwa mganga, atakwenda hospitali, na akiambiwa iko mashine inayotibu kwa sauti, atauliza nauli ni kiasi gani. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tatizo ni kwamba si kila mgeni aliyekuja alituponya.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwezi Novemba mwaka 1901, katika mji wa Frankfurt nchini Ujerumani, mama mmoja mwenye umri wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter aliletwa na mumewe katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Alikuwa anasahau mno, alimtuhumu mumewe mambo yasiyokuwapo, na alikuwa akificha vitu ovyo nyumbani. Daktari aliyempokea aliitwa Alois Alzheimer. Aliandika majibu ya mgonjwa yule kwa uangalifu mkubwa. Auguste alipofariki mwezi Aprili mwaka 1906, daktari aliupima ubongo wake kwa hadubini. Akaona mambo mawili: mabonge ya uchafu yaliyojikusanya katikati ya chembe za ubongo, na nyuzi zilizosokotana ndani ya chembe zenyewe. Tarehe 3 Novemba 1906 aliwaeleza madaktari wenzake waliokutana katika mji wa Tübingen, nao hawakuonyesha kujali sana. Mwaka 1910 mkuu wake wa kazi, Emil Kraepelin, aliuingiza ugonjwa ule katika kitabu chake na kuupa jina la Alzheimer.

Leo tunajua kwamba mabonge yale ni ya protini inayoitwa amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Tunajua pia kwamba ugonjwa huanza kimya kimya miaka mingi kabla ya mtu kuanza kusahau, na kwamba si sawa na ule usahaulifu wa kawaida wa uzee. Mzee kusahau alikoweka miwani ni jambo la kawaida. Mzee kuipata miwani na kushindwa kujua ni ya kazi gani, hilo si la kawaida.

Sasa tuitazame sauti. Mwaka 1880, ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, waligundua kwamba baadhi ya mawe, kama vile kwotsi, yakibanwa hutoa umeme. Muda mfupi baadaye ikathibitishwa pia kwamba yakipewa umeme hutetemeka. Ugunduzi huo ulikaa kama kitu cha kuchezea maabarani mpaka ilipokuja vita ya 1914 hadi 1918, wakati nyambizi za Ujerumani zilipokuwa zikizamisha meli. Mwanasayansi wa Kifaransa, Paul Langevin, alitumia mawe hayo kupeleka sauti kali chini ya maji na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwenye chuma cha nyambizi. Katika majaribio hayo aliona jambo la ajabu: samaki waliopita karibu na chombo chake walikufa, na aliyetia mkono katika maji yale alisikia maumivu. Kumbe sauti ile haikuwa mjumbe tu wa kuleta habari. Ilikuwa na nguvu ya kutenda kazi ndani ya mwili.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo palipo na funzo la kwanza. Wengi wetu tunadhani ultrasaundi ilianzia kwa akina mama wajawazito. La hasha. Mmoja wa madaktari wa kwanza kabisa kuitumia kuchungulia mwili, Karl Dussik wa Austria, aliielekeza kwenye ubongo. Katika miaka ya 1940 alitangaza picha alizosema zinaonyesha nafasi zenye maji zilizomo ndani ya ubongo. Ilikuwa habari kubwa. Baadaye, wataalamu wengine waliporudia kazi ile, wakagundua kwamba picha nyingi zile hazikuwa za ubongo. Zilikuwa ni kivuli cha fuvu lenyewe, mfupa ukiizuia sauti na kuirudisha. Dussik hakuwa laghai. Alikuwa mtaalamu aliyeona kile alichotamani kukiona. Ni kosa linaloweza kumpata mtu mwema, na ndiyo maana sayansi imeweka utaratibu wa kurudia na kulinganisha.

Kwa akina mama, njia ilifunguliwa mwaka 1958, pale Profesa Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, na wenzake walipochapisha kazi yao katika jarida la Lancet. Walikuwa wametumia chombo kilichobuniwa kupima nyufa katika vyuma. Tumbo halina mfupa mbele yake, kwa hiyo sauti ilipita vizuri. Kwenye kichwa, fuvu liliendelea kuwa kizuizi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 huko Marekani, ndugu wawili, William na Francis Fry, walifaulu kuikusanya sauti mahali pamoja ndani ya ubongo na kutibu wagonjwa wa kutetemeka, lakini iliwabidi kwanza waondoe kipande cha fuvu.

Kuikusanya sauti maana yake nini? Mtoto akichukua kioo cha kukuzia na kukishika juani, mwanga unakutana kwenye nukta moja na jani kavu linaungua, ingawa jua lile lile halikuliunguza likiwa limetawanyika. Ndivyo ilivyo kwa sauti. Mawimbi mengi dhaifu yanatumwa kutoka pande nyingi za kichwa, kila moja likipita bila madhara, na yanapokutana mahali pamoja yanakuwa na nguvu. Ilichukua muda mpaka mashine za hesabu zilipopata uwezo wa kukadiria jinsi fuvu la kila mtu linavyoipinda sauti, ili mawimbi yote yafike kwa wakati mmoja. Mwaka 2016 serikali ya Marekani iliidhinisha matumizi ya sauti hiyo kutibu aina moja ya kutetemeka kwa mikono, bila kupasua kichwa. Hilo si ndoto, ni tiba inayotumika.

Lakini kutetemeka si kusahau. Kwa ugonjwa wa Alzheimer, wataalamu walifuata njia mbili tofauti, na watu wanaozichanganya ndio wanaopotosha wenzao.

Njia ya kwanza ni ya kufungua mlango. Mishipa ya damu iliyomo ndani ya ubongo imejengewa ukuta madhubuti unaozuia sumu na vijidudu visipenye. Ukuta huo ni rehema ya Mungu, ila unazuia na dawa pia. Mwaka 2001, Profesa Kullervo Hynynen na wenzake walionyesha kwa sungura kwamba ukitia vipovu vidogo sana kwenye damu, kisha ukavipiga kwa sauti ndogo, vipovu vinatanuka na kusinyaa, na ukuta unaachia upenyo kwa saa chache bila kuharibika. Mwaka 2015, huko Queensland, Australia, watafiti walitangaza kwamba panya waliotiwa ugonjwa unaofanana na Alzheimer walipopigwa sauti namna hiyo, amiloidi yao ilipungua, na walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kumbukumbu. Magazeti ya dunia yalipiga vigelegele. Walisahau kuandika kwa herufi kubwa kwamba waliopona walikuwa panya.

Mwaka 2018, mjini Toronto nchini Kanada, zamu ya binadamu ikafika. Wagonjwa walikuwa watano tu. Ukuta ulifunguka, ukajifunga ndani ya siku moja, na hakuna aliyepata madhara makubwa. Jaribio lile lilikuwa la kupima usalama, na wenyewe hawakudai kwamba kumbukumbu zilirudi. Kisha mwezi Januari 2024, madaktari wa West Virginia, Marekani, wakiongozwa na Ali Rezai, walieleza habari za wagonjwa watatu waliopewa dawa ya kuondoa amiloidi huku ukuta ukifunguliwa kwa sauti upande mmoja wa ubongo. Upande uliofunguliwa ulisafishika zaidi kuliko ule mwingine. Ni hatua, tena hatua kubwa. Lakini wagonjwa ni watatu, na dawa iliyotumika, aducanumab, kampuni iliyoitengeneza ilitangaza mwaka huo huo kwamba inaachana nayo. Aidha, kusafisha ubongo na kumrudishia mtu kumbukumbu si jambo moja. Unaweza kuzoa majivu yote, nyumba iliyoungua isisimame.

Njia ya pili ni ya kuuchochea ubongo wenyewe. Hapa hakuna vipovu wala dawa. Mapigo mafupi ya sauti yanapelekwa juu ya kichwa kwa chombo kinachoshikwa mkononi, kwa matumaini kwamba chembe za ubongo zitaamka na kufanya kazi vizuri zaidi. Njia hii imekuzwa mjini Vienna, Austria, na kundi la Profesa Roland Beisteiner. Matokeo ya mwanzo, yaliyochapishwa katika mwaka 2019 na 2020, yalihusu wagonjwa 35, na alama zao katika mitihani ya kumbukumbu zilipanda. Tatizo ni moja. Wagonjwa wote walipata tiba ya kweli. Hakukuwa na kundi la kulinganisha.

Pengine msikilizaji unauliza, kundi la kulinganisha ni la nini, ikiwa mgonjwa mwenyewe anasema anajisikia nafuu? Jibu la swali hilo tunalo hapa hapa Afrika Mashariki, wala hatuna haja ya kwenda Ulaya kulitafuta.

Mwaka 1990, mjini Nairobi, ilitangazwa kwa shangwe dawa iliyoitwa Kemron. Ilitoka katika taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, na Rais Daniel arap Moi mwenyewe alikuwa mstari wa mbele kuinadi. Ilisemekana kwamba wagonjwa wa ukimwi walioitumia walipata nguvu na hamu ya kula. Ulikuwa wakati wa msiba. Nani asingetaka kuamini? Watu walikwenda Nairobi kutoka nchi nyingi. Baadaye, wataalamu wa Uganda waliwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa dawa yenyewe, na wengine walipewa kitu kinachofanana nayo lakini kisicho na dawa ndani. Wala mgonjwa wala daktari hakujua nani amepata kipi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1998: dawa ile haikuwa na faida yoyote kuliko kile kisichokuwa dawa. Nafuu iliyosifiwa ilikuwa ni nafuu ya matumaini.

Miaka kadhaa baadaye ikaja zamu yetu Watanzania. Mwanzoni mwa mwaka 2011, barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ilijaa magari kilomita kwa kilomita. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe cha dawa ya mizizi kwa shilingi 500, na watu walisema kinatibu ukimwi, kisukari, kansa na mengineyo. Walikwenda wakubwa na wadogo, wasomi na wasiosoma. Bei ya kikombe ilikuwa ndogo, lakini gharama ilikuwa nauli, ilikuwa siku barabarani, na kwa wengine ilikuwa kuacha dawa za hospitali. Wako waliofia njiani. Sitaki kumsema vibaya marehemu, ambaye alifariki mwaka 2021. Ninachosema ni kwamba sisi wenyewe tunajua jinsi taifa zima linavyoweza kupanga foleni kabla ya kupata ushahidi.

Kwa heshima yao, wale wa Vienna waliliona pengo lao na wakafanya jaribio la kulinganisha. Safari hii wagonjwa walikuwa 60. Kila mmoja kwa zamu alipata sauti ya kweli, na kwa zamu nyingine alipata ya uongo, mashine ikilia vile vile bila kupeleka nguvu kichwani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2025. Nafuu katika mitihani ya kumbukumbu ilionekana kwa wagonjwa wenye umri wa miaka 70 kushuka chini. Kwa waliozidi umri huo, ambao ndio wengi miongoni mwa wenye ugonjwa huu duniani, haikuthibitika. Huo ndio ukweli wenyewe, usioongezwa chumvi wala kupunguzwa: dalili njema, kwa baadhi ya watu, katika jaribio dogo. Na bado, katika nchi kadhaa, kliniki za watu binafsi zimekwisha kuanza kuwatoza wagonjwa fedha nyingi kwa tiba hiyo, kana kwamba kesi imekwisha na hukumu imetoka.

Sasa turudi Kagera. Nimesema swali la shamba la kahawa ni zito, lakini liko jingine zito zaidi. Ugonjwa usiokuwa na jina hupewa jina la adui. Wakazi wa Kagera wanalijua hili kuliko wengi. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi nchini walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983. Kabla watu hawajaelewa ni nini, waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichopendwa wakati ule, na wengi waliamini kwamba ni uchawi wa wafanyabiashara wa ng'ambo ya mpaka waliodhulumiwa fedha zao. Kwa imani hiyo watu walikwenda kutafuta mchawi badala ya kujikinga, na ugonjwa ukaendelea kuenea.

Ndivyo ilivyo kwa usahaulifu wa wazee. Bibi anatoka nje usiku wa manane akaonekana kwenye migomba ya jirani. Anaongea peke yake. Anamwita mjukuu kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Anawatuhumu wakwe zake kwamba wamemwibia. Tazama tena maelezo ya Auguste Deter wa Frankfurt, utaona ni bibi yule yule. Lakini katika baadhi ya mikoa ya Kanda ya Ziwa, bibi wa namna hiyo, hasa akiwa na macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi, amewahi kuitwa mchawi, na wako vikongwe waliouawa kwa mapanga. Hakuna mashine ya Toronto wala ya Vienna itakayomwokoa bibi huyo. Kitakachomwokoa ni jirani kujua kwamba huu ni ugonjwa.

Kwa upande wa Karagwe, hasara ina uso mwingine tena. Mfalme Rumanyika, aliyewapokea akina Speke na Grant mwaka 1861, hakuacha maktaba. Historia ya Wanyambo ilihifadhiwa vichwani mwa wazee: nani alimfuata nani katika utawala, ukoo upi ulipewa kazi ipi, ng'ombe walipitia wapi. Mwanahistoria Israel Katoke alipotoa kitabu chake juu ya ufalme wa Karagwe mwaka 1975, aliyategemea sana masimulizi ya namna hiyo. Hata leo, mpaka wa shamba ukigombaniwa, baraza humwita mzee akumbuke nani alipanda nini na lini. Mzee huyo akipoteza kumbukumbu bila mtu kutambua, anaweza kuwapa watu wawili shamba moja, naye hasemi uongo. Hapo ukoo unagawanyika na kesi inakwenda mahakamani, na chanzo chake ni ugonjwa ambao hakuna aliyeupa jina.

Je, Tanzania tumefanya nini? Tumefanya, tena kitu cha kujivunia. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa hapa nchini na wa Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji sita na kuwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba baada ya kuzingatia umri, wapatao asilimia 6.4 walikuwa na ugonjwa wa akili wa uzeeni wa namna hii. Kwa hiyo wale wanaosema Alzheimer ni ugonjwa wa Wazungu, wajue sivyo.

Watafiti hao walikutana na kikwazo kingine. Mitihani ya Ulaya humtaka mzee aandike, achore, ataje tarehe. Bibi ambaye hakwenda shule atashindwa hata kama akili yake ni timamu. Kwa hiyo wakatunga mtihani mfupi wa maswali sita, na badala ya kuchora, mzee anapewa njiti za kiberiti apange umbo kama aliloonyeshwa. Njiti za kiberiti, ndugu msomaji! Hakuna zahanati isiyoweza kuzipata. Halafu wakajaribu tiba isiyo na mashine: wazee wenye ugonjwa walikusanywa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa muda wa majuma saba, wakazungumza, wakaimba, wakacheza michezo, wakakumbushana mambo ya zamani kwa utaratibu uliopangwa. Matokeo yalitoka mwaka 2017: uwezo wao wa akili ulionyesha nafuu. Kundi lilikuwa dogo, wazee 34, na haya siyaiti uponyaji. Lakini yalipimwa hapa, kwa watu wetu, kwa lugha yetu.

Basi nimjibu yule anayeuliza habari ya shamba. Kwanza, usiliuze. Jaribio la kweli halimtozi mgonjwa fedha ili ajaribiwe. Anayekutaka ulipe mamilioni kwa tiba ambayo bado inapimwa anafanya biashara. Pili, mpeleke mzazi hospitali, si kwa sababu iko dawa ya kumponya kabisa, bali kwa sababu si kila usahaulifu ni Alzheimer. Upungufu wa damu wa aina fulani, ugonjwa wa tezi la shingo, huzuni kali, kaswende, ukimwi, pombe, au hata dawa anazokunywa, vyote vinaweza kumfanya mzee asahau, na vingi kati ya hivyo vinatibika. Tatu, kwa wewe uliye na miaka 40 au 50, pima shinikizo la damu na sukari, na usiache masikio yako yazibe bila kutibiwa. Jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya ugonjwa huu duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kwa kurekebisha mambo 14 ya namna hiyo, na elimu ya utotoni ikiwa mojawapo.

Nne, mwite ugonjwa kwa jina lake. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Waambie majirani, mwambie mjumbe wa nyumba kumi, mwambie padri au shehe: mama yetu anaumwa, akionekana njiani mrudisheni nyumbani. Maneno hayo hayagharimu kitu, na yanaweza kuokoa uhai.

Na kwa serikali na wakubwa wa afya nina neno moja. Mashine ya sauti ikithibitika, hapana shaka itafika Muhimbili na Bugando siku moja, kama ultrasaundi ya wajawazito ilivyofika mpaka wilayani. Lakini ikimkuta muuguzi wa zahanati hajui kupima usahaulifu kwa njiti za kiberiti, nani atampeleka mgonjwa kwenye mashine hiyo? Yale ya Hai yasibaki Hai. Yafike Kyerwa, yafike Karagwe, na kila mahali ambapo mzee anakaa mlangoni akimtazama mwanawe na kumuuliza yeye ni nani.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.